Vichujio vya bure magharibi mwa Kenya: kasoro iko wapi?

Mwaka 2011 kampuni ya Vestergaard iligawa bure vichujio vya maji vya LifeStraw Family vipatavyo 900,000 magharibi mwa Kenya. Gharama ilitarajiwa kurudi kupitia biashara ya hewa ukaa: anayechuja maji hachomi kuni za kuyachemshia, na hewa ukaa iliyozuiwa huandikiwa hati zinazouzwa kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Miaka miwili hadi mitatu baadaye, watafiti walikuta ni asilimia 19 tu ya kaya ambazo bado zinavitumia.

Wapo wanaoitumia takwimu hiyo kuvibeza vichujio vyenyewe. Sikubaliani nao. Unakitundika ukutani, unamimina maji ya mto juu, nayo yanashuka kwa mpira hadi kwenye nyuzi zenye vitundu vidogo mno kwa bakteria kupita. Hata kriptosporidiamu, kimelea sugu kwa klorini, hunaswa humo. Hakihitaji umeme wala kuni, na maji hayanuki dawa.

Shida ni kwamba nyuzi huziba. Lazima mtu aminye kipira chekundu kilicho kwenye kichujio mara kwa mara ili uchafu utoke. Akisahau, maji huanza kudondoka tone tone, na mtoto aliyetoka shule na kiu atachota kwenye mtungi tu. Bomba likivunjika, duka la kijijini halina jingine. Halafu maji safi yakikingwa kwa dumu chafu huchafuka upya, maana kichujio hakiachi kinga yoyote ndani yake. Hapo klorini inakishinda: matangi ya dawa yaliyowekwa kando ya visima na chemchemi katika eneo hilo hilo humwezesha mtu kutia kipimo chake papo hapo, na dawa huendelea kuyalinda maji hadi nyumbani. Ila tope huidhoofisha, na wengi hawaipendi ladha yake.

Je, watu wauziwe ili wavithamini? Kambodia, wanakotumia vyungu vya udongo vya kuchujia, matumizi yalipungua kwa takriban asilimia 2 kila mwezi, hasa kwa sababu vilivunjika, na kaya zilizochangia hata pesa kidogo ndizo zilizoelekea kudumu navyo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kukiuza kichujio kwa bei kamili ni kumfungia mlango yule yule ambaye watoto wake wanahara zaidi. Mimi ningetoa chombo bure, kisha nihakikishe bomba na mipira vinapatikana sokoni kwa bei ya mwanakijiji, na kila kata iwe na fundi anayejua kukizibua.

Kuhusu hewa ukaa, wakosoaji walisema kaya nyingi hazikuwa zikichemsha maji tangu mwanzo. Ni kweli, ingawa kumnyima mtu msaada kwa sababu umaskini ulimzuia kununua kuni si haki. Kinachonisumbua zaidi ni uhakiki. Watafiti wale walitaka ukaguzi huru, nami nawaunga mkono: pesa zilipwe kwa kichujio kilichokutwa na maji ndani, na wanaohesabu wasiwe watu wa mradi.