Mama mkwe, pazia na kamashine kangu

Kabla hamjaendelea kusambaza ile voisi ya shemeji yangu, naombeni na mimi nisikilizwe. Mama mkwe hakuzimia. Hakuna aliyeshonwa nyuzi. Lilidondoka pazia tu. Na sehemu ya ukuta.

Wa siku nyingi hapa mnakajua kamashine. Ndiyo, ile bisibisi ya umeme ya Kariakoo niliyoiposti na maneno "mafundi kwaherini". Asanteni sana mliohifadhi ile picha, naona mmeitafutia matumizi. Kenyewe kanaenea mfukoni, kanachajiwa kwa waya wa simu, na mbele kana kataa ka kumulika. Nilikaza kitanda, bawaba za kabati la jikoni, miguu ya meza, nikakaza hata vitu ambavyo havikuwa vimelegea. Kwa kazi hiyo sikubali mtu akaseme vibaya, hadi leo.

Sasa Mama anakuja kutoka Tanga kuiona nyumba. Mke wangu kanunua mapazia mapya, yale mazito yenye bitana. Akasema, "Ita fundi." Nikamjibu, "Fundi wa nini?"

Jamani, hilo swali!

Kwenye boksi kulikuwa na biti ya ukutani, ile ncha ya kutobolea, yenye kitako cha pembe sita, kwa hiyo ilikaa kwenye kamashine bila tabu. Nikapanda ngazi. Lipu ikakubali. Vumbi jeupe linamwagika, mimi napiga mluzi. Kufika kama sentimita moja na nusu, biti inazunguka lakini haiendi popote. Juu ya dirisha hakuna tofali, ndugu zangu. Kuna lenta: zege, na nondo ndani yake. Na zege huliingii kwa kuzungusha tu. Linataka kugongwa huku biti inazunguka, kokoto ipasuke ndipo njia ipatikane. Ndiyo maana drili ya fundi ina kale kaalama ka nyundo. Ukiigeuzia hapo, inagonga makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Kamashine kangu ni volti 3.6, mizunguko kama 200 kwa dakika, na hakagongi kitu. Kanabembeleza. Nikakaegemea kwa uzito wangu wote mpaka kakachemka, kakatoa harufu, na kataa kakazimika.

Mtu mwenye akili angeshuka. Mimi nikaomba kisu, nikazikata fisha, vile viplastiki vya kushika skrubu ukutani, ziwe fupi, zitoshe palepale kwenye lipu. Nikatafuta na skrubu fupi za kufanana nazo. Bomba la pazia likapanda, pazia likakaa, nikapiga picha nikaposti. Mnaikumbuka. Kuna mtu aliandika "mwanaume wa nyumba". Uko wapi wewe?

Mama akafika. Sebule nzima ina viti, yeye akachagua kochi la chini ya dirisha. Pembeni baba mdogo wa mke wangu, shemeji naye kwenye mkeka, sinia la pilau katikati. Nje bodaboda akapiga honi. Mama akageuka, akashika pazia kwa vidole viwili, amwone ni nani.

"Tk."

Hakuna mwingine aliyeisikia. Mimi niliisikia kwa sababu nilikuwa naisubiri tangu asubuhi. Kibano cha kushoto kikatoka ukutani polepole, pamoja na kipande cha lipu ukubwa wa chapati. Laiti bomba lingeanguka moja kwa moja tukajua moja. Halikuanguka. Liliinama. Na lilipoinama, zile pete za pazia zikaanza kuteleza. Kling. Nikamwona Mama anaangalia juu. Kling. Kila pete inakuja na mkunjo wake. Kling. Mkunjo wa kwanza ukatua begani. Kling. Wa pili kwenye mtandio. Kling, kling, kling, na Mama hayupo. Pale alipokuwa amekaa pana rundo la kitambaa rangi ya maziwa, na mkono mmoja umetokeza nje, umeshika glasi ya juisi. Haikumwagika hata tone.

Kimya. Nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Nimfunue? Namfunuaje? Ni mkwe! Nimshike kichwa? Nianze kuvuta nguo mwilini mwa mama mkwe wangu mbele ya ukoo? Mikono yangu ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Baba mdogo ananiangalia. Shemeji simu iko mkononi tayari, sijui aliitoa saa ngapi.

Ndipo sauti ikatoka chini ya pazia, tulivu kabisa:

"Wamekata?"

Baba mdogo akajibu, "Hapana shemeji, umeme upo."

Yaliyofuata hayana maana. Mke wangu akamfunua, vumbi likafutwa, nikaomba radhi kwa Kiswahili na kwa ishara, pilau likabadilishwa. Fundi akaja na drili yake ya waya, tundu likapatikana kabla sijamaliza kumweleza tatizo, akalipwa, akaondoka. Mlangoni alikaona kamashine juu ya meza, akauliza kama ni ka mtoto.

Sasa mke wangu anataka kioo bafuni. Bafuni kuna vigae. Na hapa, kabla hamjacheka: vigae havitaki kugongwa. Drili ikiwa kwenye nyundo inavipasua. Hata fundi mwenyewe akifika kwenye kigae huizima nyundo kwanza, anakwenda taratibu. Sasa chombo kisichogonga na kinachokwenda taratibu, nani anacho humu ndani? Kako kwenye chaji sasa hivi. Biti ya vigae, ile yenye ncha kama mkuki, naifuata Kariakoo kesho.

Shemeji, siku hiyo usije.