Foniksi na msomaji anayebahatisha

Mtoto wa miaka tisa ninayemfundisha kusoma alinisomea sentensi kutoka kitabu chenye picha: "The farmer closed the door." Aliisoma bila kusita, kwa sauti ya mtu anayejiamini. Kitabuni kuliandikwa "The farmer shut the gate." Nikaifunika picha kwa kiganja na kumwonyesha neno shut peke yake. Akalitazama, akanitazama mimi, akasema "she". Nikamwonyesha gate. Akanyamaza.

Wapo walimu watakaosema mtoto huyo hana tatizo kubwa, maana ya sentensi ameipata. Mwaka 1967 Kenneth Goodman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliueleza usomaji kama mchezo wa kubahatisha: msomaji huchota herufi chache, kisha picha, sarufi na muktadha humalizia kazi. Mkabala wa lugha nzima, unaotanguliza maana na hadithi kuliko sauti za herufi, ulijengwa juu ya wazo hilo, na uliletwa na watu waliowapenda watoto. Walichoshwa na madarasa ya kuimba sauti za herufi yasiyo na hadithi hata moja. Uchovu huo nauelewa. Lakini mtoto wangu hakuchota herufi chache ili asome haraka. Alichota chache kwa sababu nyingine hakujua azifanyie nini.

Sisi tuliofundishwa kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu huwa tunadhani foniksi ya Kiingereza, yaani kufundisha kusoma kwa kuunganisha herufi na sauti zake, ni jambo lile lile. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja husomeka vile vile popote uikutapo. Kiingereza kina herufi 26 kwa sauti zipatazo 44, na herufi a hubadilika katika cat, cake, call na was. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake, uliotolewa mwaka 2003, ulikuta kwamba baada ya mwaka wa kwanza wa shule watoto wa Kifini na Kigiriki walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno mepesi waliyoyazoea. Wenzao wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, walipata asilimia 34. Ni kweli wa Scotland walikuwa wadogo zaidi kwa umri, lakini umri peke yake hauzibi pengo la namna hiyo.

Wapinzani wa foniksi huichukua takwimu hii na kuuliza: kama herufi zenyewe ni za hila hivyo, za nini kumfundisha mtoto azitegemee? Mimi husoma kinyume. Mfumo rahisi mtoto anaweza kuung'amua mwenyewe kwa kusikiliza tu, ila mgumu unahitaji mtu wa kumfungulia hatua kwa hatua. Hata neno said, linalotajwa kila mara kama ushahidi kwamba Kiingereza hakina kanuni, lina s na d zinazotamkwa inavyotarajiwa. Cha kukariri ni ai ya katikati peke yake. Mtafiti wa usomaji Linnea Ehri ameonyesha kwa kazi ya miaka mingi kwamba hata maneno tunayoyatambua kwa kuyatupia jicho yalikaa kichwani kwa kufungamanishwa na sauti zake.

Lawama kali zaidi huelekezwa kwenye maneno ya kubuni. Tangu mwaka 2012, watoto wa miaka mitano na sita Uingereza hupimwa kwa kusomeshwa maneno 40, na nusu yake si maneno halisi ya Kiingereza. Kila neno la kubuni huwekewa picha ya kiumbe cha ajabu ili mtoto ajue si neno halisi. Waliofikia kiwango mwaka 2012 walikuwa asilimia 58, na kufikia 2019 walikuwa 82. Wakosoaji wana hoja. Miaka ya mwanzo alama zilirundikana ghafla kwenye 32, ambayo ndiyo ilikuwa alama ya kufaulu, dalili kwamba walimu walikuwa wakiwasukuma watoto wavuke mstari. Tena kusoma upuuzi vizuri hakuthibitishi kwamba mtoto anaelewa hadithi.

Hata hivyo, kila ninapofikiria maneno hayo ya kubuni humkumbuka mtoto wangu. Kwake shut lilikuwa neno la kubuni. Vivyo hivyo gate, na karibu kila neno atakalolikuta kwa mara ya kwanza akiwa peke yake. Anayejifunza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu ana mzigo zaidi, kwa kuwa hata akilitamka neno, huenda hajawahi kulisikia. Neno la kubuni ndipo mahali pekee ambapo picha, kumbukumbu na kipaji cha kubahatisha haviwezi kumsitiri. Kumpima hapo si kumdharau. Ni kutaka kujua kama amepewa ufunguo au la, kabla hajafika miaka tisa akiwa mjuzi wa kujificha.

Kuna ushahidi ambao upande wangu huupitia haraka mno. Jopo la taifa la usomaji la Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2000, lilikuta foniksi inasaidia zaidi ikianza mapema. Kwa wanafunzi dhaifu wa darasa la pili hadi la sita, halikuona faida ya uhakika. Tafiti za kundi hilo zilikuwa chache, na jopo lenyewe lilitaja uwezekano kwamba mafunzo hayakuwa ya kina cha kutosha. Bado ni onyo. Mtoto mkubwa aliyebaki nyuma ana pengo la sauti na pia la msamiati, na anayemkaririsha sauti tu, bila kumsomea wala kuzungumza naye, anamnyima nusu ya haki yake.

Tulianza na sh, kisha sauti fupi ya u, kisha t. Dakika 20 kila siku, halafu mimi namsomea hadithi. Wiki kadhaa baadaye tulikuwa na ukurasa usio na picha, akafika kwenye neno thrush. Aliweka kidole chini ya th, akakisogeza, akarudi nyuma, akaunganisha. Akalitamka sawasawa. Kisha akainua uso na kuniuliza, kwa mara ya kwanza tangu tuanze: "Mwalimu, thrush ni nini?"