Jogoo wa sandukuni

Saa tisa na nusu za usiku, mwezi wa sita, sanduku langu la bati lilianza kuwika, na ufunguo wake ulikuwa Likasi.

Nilikuwa finalisti, yaani wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wa Kemia-Biolojia, hapa Lubumbashi, kwenye lupango (uwanja wa nyumba) moja la Katuba lenye familia tano na bomba moja. Zilibaki wiki tatu tuingie kwenye zile siku nne za Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Diploma inataka 50%. Hamu yangu ya kusoma ilikuwa kama 6%, tena asubuhi tu, kabla ya chai. Jioni nilikuwa nakaa na kuingojea, kama mtu anayengoja teksi barabara ya Kasapa usiku wa manane. Sasa ninajua kwamba hamu haiji kwa kungojewa. Unakaa, unafungua ukurasa, unafanya zoezi moja jepesi kabisa, la kusawazisha mlinganyo mdogo, na ndipo kitu kinaanza kushika. Hakuna mama anayengoja makala ya mbabula, yaani makaa ya jiko, yawe mekundu ndiyo aanze kupepea.

Lakini wakati ule nilitaka njia za mkato, na nilizitafuta tatu.

Ya kwanza ilikuwa mshumaa. Kuna Mwitaliano, Francesco Cirillo, ambaye alipokuwa mwanafunzi miaka ya 1980 alijipimia muda kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, na baada ya mizunguko minne pumziko refu. Mimi nyanya niliyokuwa nayo ilikuwa ya mboga, na umeme ulikuwa unaondoka kila jioni. Basi nilipima kwa saa ya ukutani, nikaona mshumaa wangu mwembamba unapungua kama sentimita moja kwa dakika 25. Nikachomeka misumari midogo, mmoja kila sentimita, nikausimamisha kwenye sahani ya bati. Nta ikiyeyuka, msumari unaanguka: ting! Inafanya kazi kweli. Ila funga dirisha, maana upepo unaula mshumaa upande mmoja na dakika 25 zinageuka 15. Mimi sikulalamikia dakika 15.

Ya pili ilikuwa kadi. Nilikata makartoni, swali mbele, jibu nyuma, nikazigawa kwenye maboksi matatu ya sabuni. La kwanza unalipitia kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu mara moja kwa wiki. Ukijibu vizuri kadi inapanda boksi, ukikosa inarudi la kwanza. Hii ndiyo njia pekee ambayo ningeitetea hata mbele ya mahakama, kwa sababu inakulazimisha kutoa jibu kichwani badala ya kulitazama tu na kusema “hilo ninalijua”. Nilikosea jambo moja: kila jibu nililipaka alama za rangi, njano, kijani, waridi. Kupaka rangi kunakupa raha ya mtu aliyesoma bila kusoma. Na wino wa rangi, tutauona baadaye, hauna urafiki na maji.

Ya tatu ilikuwa simu, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Simu ikiwa mezani, hata ikiwa kimya, mkono unajua njia. Nikaamua kuifungia kwenye sanduku la bati la marehemu babu, nitie kufuli kubwa, na ufunguo nimpe jirani, Mama Bitumbula. Tunamwita hivyo kwa biashara yake. Anaamka kabla ya jogoo ili akaange bitumbula, maandazi ya huku kwetu. Ili nisimsumbue kuomba ufunguo, niliweka na dau la 20,000 franka. Tuliandika kwenye karatasi ya daftari, kwa bik, kalamu ya wino: simu inaingia saa kumi na mbili jioni, inatoka saa kumi na mbili asubuhi. Sanduku likifunguliwa kabla ya saa, kwa sababu yoyote, pesa zote ni za mama. Papa mwenye lupango aliweka sahihi kama shahidi, akaniambia nina akili kama za mtu mzima.

Usiku wa kwanza niligundua kwamba maswali ya miaka iliyopita, ambayo wenzangu walinitumia kwa picha, yote yalikuwa ndani ya simu. Siku mbili zilikwisha nikiyanakili kwa mkono mchana. Hilo halikunidhuru, kunakili ndiko kulikonifundisha nusu ya kemia ya kaboni.

Kilichonidhuru ni hesabu ya Mama Bitumbula. Nilikuwa nimempa pesa mtu ambaye anapata faida nikishindwa. Jumatatu usiku alisimama dirishani kwangu.

“Mwana, nimesikia kitu kinatetemeka sandukuni. Isije ikawa ni habari ya nyumbani. Ufunguo huu hapa, chukua tu.”

“Aksanti, mama. Simu nimeizima.”

“Umeizima! Na kama huyo anayekupigia ni msichana?”

Jumatano Mazembe walikuwa wanacheza na Lupopo, mahasimu wa mpira wa hapa mjini. Aliiweka redio yake juu ya ukuta, ikinitazama mimi. Alhamisi alinitumia sahani ya bitumbula vya moto, na juu yake, kama mboga, ufunguo. Niliurudisha. Dau la namna hii lishikwe na mtu asiyefaidika chochote, au pesa ikipotea iende kwenye jambo linalokuuma: mimi shabiki wa Mazembe ningesema ninunue skafu ya Lupopo na kuivaa sokoni. Ningesoma mpaka mitume wa kwenye kalenda wanipe pole. Tena uandike kipengele cha dharura. Sisi tuliandika “kwa sababu yoyote” kwa sababu yalikuwa maneno mazuri.

Ijumaa alipata habari ya kilio. Akaondoka kwenda Likasi kwenye matanga, kilomita kama 120, na ufunguo ameufunga kwenye ncha ya kitenge.

Usiku huo usingizi ulinibana mapema. Binamu yangu wa Kinshasa alikuwa amenifundisha dawa ya wanafunzi wote: miguu kwenye beseni la maji baridi. Kinshasa sawa. Lubumbashi mwezi wa sita, huku kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, maji ya bomba usiku yanauma kama koleo. Nilivumilia dakika nne. Halafu nikapata wazo la busara: niliwasha mbabula nje, nikachemsha birika, nikayachanganya mpaka yakawa vuguvugu.

Sikujua kwamba miguu yenye joto ni mwaliko wa usingizi. Mishipa ya miguuni ikipanuka, mwili unatoa joto, na ubongo unachukulia kwamba saa ya kulala imefika. Nilikuwa nimejipikia dawa ya usingizi kwenye beseni. Msumari wa kwanza ulianguka, nikausikia. Wa pili sikuusikia.

Sasa, alamu. Wiki ya kwanza ya maazimio, kabla ya sanduku, nilikuwa nimetega simu iniamshe saa tisa na nusu kila Jumamosi, sauti ya jogoo, nguvu zote. Nikaisahau. Mkataba ulianza Jumapili, kwa hiyo haikuwa imewahi kulia sandukuni. Ndiyo, simu nilikuwa nimeizima. Lakini kuna simu za bei nafuu ambazo saa ya alamu ikifika zinajiwasha zenyewe, na yangu ni ya ukoo huo.

Jogoo aliwika ndani ya bati. Sanduku tupu la bati ni spika. Niliruka kutoka usingizini na miguu yote miwili ingali ndani ya beseni. Beseni likateleza kwenye saruji, mimi nikashika meza, meza ikanifuata. Mshumaa ukazimika. Maji yakaingia kwenye maboksi yote matatu ya kadi. Maandishi ya bik yalibaki. Rangi zilikimbia, njano ikaingia kwenye kijani, na majibu yangu ya jenetiki yakawa na sura ya mchuzi wa sombe, majani ya muhogo.

Jogoo akanyamaza. Baada ya dakika kumi akaanza tena. Safari hii jogoo wa kweli wa kwa mwalimu, nyumba ya tatu, alimjibu. Kisha yule wa ng’ambo ya barabara. Mbwa nao hawakutaka kuachwa nyuma.

Lupango lote likatoka na mablanketi. Mmoja akashauri tulifunike sanduku kwa godoro. Tukalifunika, jogoo akawa kama anawika kaburini, mtoto akaanza kulia. Mwingine akasema tulipeleke chini ya mwembe; tukalibeba watu wawili, na huko nje sauti ikafika mpaka kwa majirani wasiotujua. Mimi nilikuwa nimesimama na suruali iliyolowa hadi magotini, nikieleza mambo ya 20,000 franka.

“Subirini mpaka saa kumi na mbili,” niliomba. “Imebaki saa mbili tu.”

Papa mwenye lupango alinitazama muda mrefu. Halafu akaenda kuleta nyundo.

Kufuli lilivunjika kwa pigo la tatu. Nikaizima alamu. Ilikuwa saa kumi na dakika tano.

Mama Bitumbula alirudi Jumapili jioni, amechoka na vumbi la njia. Hakuuliza habari ya sanduku. Alilikuta chini ya mwembe, kifuniko wazi. Aliingia ndani, akatoka na ile karatasi, akamwendea shahidi.

“Papa, lilifunguliwa saa ngapi?”

Papa mwenye lupango ni shemasi, hawezi kusema uongo.

“Saa kumi na dakika tano,” alisema. “Kwa nyundo yangu.”

“Na hapa tumeandika nini?”

Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye “kwa sababu yoyote”. Mama akanipa pole ya maji, akanipa pole ya kadi, akanikabidhi ufunguo wa kufuli ambalo halipo tena. Jumatatu alinunua unga mfuko mzima na mafuta mapya. Bitumbula vya siku hiyo vilikuwa vikubwa kuliko vya siku zote. Nilichukua viwili, kwa deni.