Bangili ya kuzuia usahaulifu: ugumu hauko kwenye redio tu

Wazo ni bangili inayomshtua mvaaji anapoacha kitu chake nyuma. Vifaa vya kutafuta vitu vilivyopotea vipo tayari. Tile, kampuni ya vidude vya kutafuta vitu, ilianzishwa mwaka 2012, Apple ikaleta kidude chake, AirTag, mwaka 2021, na simu nazo siku hizi zinaweza kukuarifu kwamba umeacha kitu nyuma. Lakini simu yenyewe ndiyo huwa ya kwanza kusahaulika. Hapo ndipo wazo la bangili lina nguvu: inakaa mwilini, na inatetemeka pale unapoinuka na kuiacha pochi kitini, kabla hujafika mbali.

Ni wazo zuri. Ila kulitengeneza ni kugumu kuliko linavyosikika. Bangili ingepima umbali kwa Bluetooth, redio ya masafa mafupi, kutoka kwa kidude kilichowekwa kwenye pochi. Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na mawimbi hayo hufyonzwa na maji, yaani na miili yetu. Bangili ikiwa mkono wa kushoto na pochi mfuko wa nyuma wa kulia, kiwiliwili kizima kinakaa katikati. Kwa bangili, pochi hiyo inaweza kuonekana iko mbali kumbe umeikalia. Ukiifanya iwe nyepesi kushtuka, itakusumbua bure. Ukiilegeza, itatetemeka basi likiwa limeshaondoka.

Na hata umbali ukipimwa sawasawa, bado kuna swali zito zaidi: umesahau, au umeacha kwa makusudi? Kompyuta uliyoiacha mezani ukaenda kula hujaisahau. Dawa iliyozoeleka ni kuiambia programu kwamba ofisini ni mahali salama, isilie hapo. Sawa, lakini jioni ukiondoka na kuiacha kompyuta hiyohiyo unayoihitaji kesho safarini, bangili itanyamaza kwa sababu uliiagiza inyamaze. Kifaa kinajua mahali na umbali. Nia yako hakiijui.

Kengele za uongo si kero ndogo. Hospitalini ni jambo linalojulikana kwamba wauguzi wanaosikia ving'ora mfululizo huanza kutoviitikia. Mvaaji wa bangili naye atafika huko, tena haraka, kwa kuwa hakuna uhai wa mtu ulio hatarini.

Wapo wanaosema kifaa kama hiki kitatudumaza akili. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2011 ulionyesha kwamba watu hukumbuka kidogo zaidi habari wanazotarajia kuzikuta zimehifadhiwa kwenye kompyuta. Hoja hiyo mimi naipa uzito mdogo hapa. Anayeacha mwavuli amepotewa na umakini kwa dakika moja tu, na kwa mtu aliyeumia ubongo, au anayeanza kupoteza kumbukumbu uzeeni, ukumbusho wa mkononi unaweza kumwezesha kutoka nyumbani peke yake.

Linalonitia wasiwasi hasa ni faragha. Vidude vya kutafuta vitu vimetumika kuwafuatilia watu kwa siri, hadi Apple na Google zikashirikiana na, mwezi Mei 2024, zikaanza kutoa tahadhari kwa anayefuatwa na kidude asichokijua. Bangili haihitaji kuingia kwenye mtego huo. Kazi yake ni kujua kitu kiko karibu au kiko mbali, basi. Haina haja ya ramani, akaunti wala seva ya kampuni. Wabunifu wakianza na vitu vitatu tu, funguo, pochi na simu, bila kutunza rekodi ya mahali popote, ningeivaa.