Endoskopi: kabla ya kununua za kutupa, tukaushe tulizonazo

Kila yanapotajwa maambukizi yanayoenezwa na endoskopi, ule mpira wenye kamera unaopitishwa kinywani kuchunguza tumbo, husikika rai kwamba hospitali za Unguja na Pemba ziachane na kuosha, zinunue za kutumika mara moja. Rai hiyo ina msingi. Mwaka 2015 iliripotiwa kuwa katika hospitali moja ya Los Angeles, Marekani, wagonjwa 7 waliambukizwa bakteria sugu na 2 kati yao wakafariki, ilhali mipira iliyohusika ilikuwa imeoshwa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikatangaza kuwa hadi asilimia 5.4 ya sampuli zilikutwa na vijidudu vya hatari hata baada ya usafishaji.

Asilimia hiyo 5.4 hunukuliwa bila kuulizwa ni ya kifaa gani. Ni ya duodenoskopi, inayotumika kwenye njia ya nyongo, ambayo nchani ina kijiwiko kinachojikunja na kuficha uchafu mahali ambapo brashi haifiki. Endoskopi ya kawaida ya tumbo haina kijiwiko hicho. Udhaifu wake umo ndani ya mifereji yake myembamba, na huko kinachoamua ni mkono wa muuguzi: asugue mapema kabla uchafu haujakauka, aloweke kwenye dawa kwa muda kamili, asuuze kwa maji safi, kisha apulize hewa mpaka lisibaki hata tone. Tone likilala humo usiku kucha, bakteria wachache walionusurika huzaliana na kujenga utando ambao dawa ya kesho yake haiupenyi kwa urahisi. Nasi tunaishi visiwani, ambako wakati wa masika hata shuka iliyoanikwa ndani huamka mbichi. Mpira uliotundikwa tu ukutani hautakauka wenyewe.

Za kutupa zinastahili pale penye kijiwiko, na kwa mgonjwa anayejulikana kuwa na vijidudu sugu. Kuzifanya za kila siku ni jambo jingine, kwani shehena ikichelewa bandarini kipimo husimama, na anayetapika damu kule Mkoani, Pemba, hawezi kuisubiri meli.

Fedha ambazo zingenunua za kutupa zianze na pampu ya hewa, kabati la kukaushia, vichujio vya maji, na mwoshaji aliyefunzwa ambaye hapokonywi mpira mkononi kwa sababu foleni ya wagonjwa ni ndefu.