Namba ya kompyuta ya sataranji imepimwa kwa kucheza na nani?

Agosti 2009, mashindano ya Copa Mercosur mjini Buenos Aires yalichukuliwa na simu ya mkononi. Programu ya Pocket Fritz 4, ikiwa ndani ya simu ya HTC, ilicheza michezo 10 dhidi ya watu, ikashinda 9 na kutoka sare mmoja. Ukiyapigia matokeo hayo hesabu ya Elo, yaani namba inayopima nguvu ya mchezaji wa sataranji, unapata 2,898. Hakuna binadamu aliyewahi kuifikia namba hiyo kwenye orodha ya FIDE, shirikisho la sataranji la dunia. Magnus Carlsen, aliyepanda juu kuliko wote, alifika 2,882 mwaka 2014. Na simu yenyewe ilichambua nafasi pungufu ya 20,000 kwa sekunde, wakati Deep Blue, kompyuta ya IBM, miaka 12 kabla yake, ilichambua milioni 200.

Leo orodha za injini, yaani programu zinazocheza sataranji, zinaipa Stockfish namba inayozidi 3,600. Mtu akiiona, anatoa 2,800 za wachezaji bora wa kibinadamu kwenye 3,600, anapata 800, kisha anasema mashine imetupita kwa 800. Hesabu ya kutoa ni sahihi. Tatizo ni kwamba namba hizo mbili hazikutoka kwenye mizani moja.

Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Milwaukee ambaye mfumo wake ulipokelewa na FIDE mwaka 1970, hakubuni kipimo cha akili. Alibuni kipimo cha matokeo. Ukimzidi mpinzani kwa 200 unatarajiwa kuvuna pointi 76 katika michezo 100 (ushindi ni pointi moja, sare ni nusu). Ukimzidi kwa 400, pointi 91. Mfumo unajua tofauti tu. Waongezee wachezaji wote wa dunia 500 usiku wa leo, na kesho asubuhi hakuna kitakachobadilika. Kwa hiyo namba ina maana pale tu wachezaji wamekutana, au wamekutana na waliokutana. Injini siku hizi zinacheza zenyewe kwa zenyewe, na watu wenyewe kwa wenyewe. Ni visiwa viwili, na mashua ya mwisho ya maana kati yao iling'oa nanga miaka mingi iliyopita.

Wapo wanaoshikilia kwamba nguvu ya mashine mbele ya watu hupimwa kwa kuiweka mbele ya watu, basi. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1967 programu ya Mac Hack ya Richard Greenblatt wa MIT iliingia mashindanoni na watu wa kawaida. Mwaka 1988 kompyuta ya Deep Thought ilimfunga Bent Larsen wa Denmark, grandmasta, yaani mwenye cheo cha juu kabisa cha sataranji, huko Long Beach, California, ikagawana nafasi ya kwanza na grandmasta mwingine, Tony Miles. Ilikutana na wanaojiandaa na wasiojiandaa, waoga na wakorofi, na namba iliyotoka hapo ilikuwa namba ya watu.

Hoja hiyo naipenda. Lakini tazama kilichofuata mashindano ya wazi yalipogeuka mechi za mtu mmoja na mashine moja, mbele ya kamera. Mei 1997, New York, Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov 3.5 kwa 2.5. Kwa hesabu ya Elo huo ni uzidifu wa pointi kama 58 tu, na michezo 6 ni michache kiasi kwamba kosa la zaidi ya 100 kila upande linabaki wazi. Dunia ilisoma "mashine imemshinda bingwa". Mtakwimu angesoma "bado hatujui". Kasparov aliomba marudiano, IBM ikaiweka mashine kando.

Mfano unaonichekesha zaidi ni wa Hydra, mashine ya Abu Dhabi iliyomkabili Michael Adams wa Uingereza mjini London mwaka 2005. Ilishinda mitano, sare mmoja: 5.5 kwa 0.5. Adams alikuwa na zaidi ya 2,700, hivyo Hydra inatoka na zaidi ya 3,100. Sasa chukulia ushindi mmoja ungekuwa sare: namba inaporomoka kwa karibu 140. Na ile sare ingekuwa ushindi? Kanuni haitoi jibu lolote, maana aliyeshinda yote hana kikomo cha juu. Kipimo kinachoweza kuruka kutoka 3,000 hadi kusikojulikana kwa sababu ya mchezo mmoja ni cha kushika kwa tahadhari.

Kisha kuna suala la nani anamjua nani. Kasparov hakupewa michezo ya Deep Blue mpya aisome. Grandmasta Vladimir Kramnik, alipokutana na programu ya Deep Fritz huko Bahrain Oktoba 2002, alikuwa amekabidhiwa mapema akafanya nayo mazoezi. Akaongoza 3 kwa 1 kabla mambo hayajaisha 4 kwa 4. Hata David Levy, mchezaji wa Scotland aliyeweka dau mwaka 1968 kwamba hakuna kompyuta itakayomshinda ndani ya miaka 10, alilinda dau lake Toronto mwaka 1978 kwa kucheza taratibu, bila kufungua vita, akiisubiri programu ya Chess 4.7 ijiharibie yenyewe. Mchezo pekee alioupoteza ni ule alioamua kupigana nayo kwa mtindo wake. Je, tulipima mashine, au tulipima ujuzi wa Levy wa kuzikwepa mashine?

Na uchovu? Mjini Bonn mwaka 2006, tena mbele ya Deep Fritz, Kramnik hakuiona mati ya hatua moja, yaani hatua moja tu ya mashine iliyommaliza mfalme wake. Wengine wanataka mchezo ule uondolewe kwenye hesabu. Mimi siwaungi mkono: anayechoka ndiye mchezaji, na kutochoka ni sehemu ya nguvu ya mpinzani wake.

Upande wa pili unajibu kwamba, kwa kasoro zote hizo, heri injini zipimane zenyewe: michezo maelfu kwa maelfu, hakuna njaa, hakuna mkataba wa televisheni. Kwa swali la "ipi ni bora kati ya hizi mbili", wako sahihi kabisa. Lakini injini mbili za aina moja, moja ikiona mbele kidogo tu kuliko mwenzake, zinaachana kwa pengo ambalo mtu aliyeketi mbele yao hataling'amua. Kwake zote zinamla tu. Chama cha Uswidi cha kompyuta za sataranji, SSDF, kiliwahi kujenga daraja: kiliifunga orodha yake kwenye zaidi ya michezo 300 ya mashine na wachezaji wa Uswidi, iliyochezwa kati ya 1987 na 1991. Mwaka 2000 kikalazimika kuishusha orodha nzima kwa 100, kwa sababu namba zilikuwa zimepanda kuliko uhalisia wa watu. Walipojikosoa hadharani niliwaheshimu zaidi.

Kwa maoni yangu njia iliyobaki ya kuvuka ni kutoa kitangulizi, yaani mashine impe mtu faida tangu mwanzo. Januari 2016 injini ya Komodo ilicheza na grandmasta Hikaru Nakamura wa Marekani michezo minne ikianza na upungufu, safari hii askari, safari nyingine hatua za ziada kwa mwenzake, na bado ikashinda 2.5 kwa 1.5. Injini nyingine, Leela, sasa ina toleo lililofunzwa mahususi kucheza bila farasi mmoja. Hapo matokeo yanapatikana kwa watu wa kweli, tena yanayumba kuelekea pande zote mbili, jambo ambalo kipimo chochote kinalihitaji. Kasoro yake ni kubwa pia: hakuna aliyekubaliana farasi ni Elo ngapi. Kwa anayeanza farasi ni zawadi asiyojua kuitumia, kwa grandmasta ni mchezo uliokwisha.

Kwa wengi wetu, hata hivyo, swali linakuja kwa sura nyingine, yaani yule mpinzani wa simuni aliyeandikiwa namba 1,500. Stockfish ina kitufe cha kujipunguza nguvu, chini kabisa ni 1,320, na namba hizo zimefungwa kwenye orodha ya injini, si ya watu. Ikijipunguza inacheza hatua sita za kifundi kisha inakupa ngome bure. Mradi wa Maia, uliofunzwa kwa michezo ya watu ili ukosee kama wanavyokosea watu, ndio pekee ninaouona ukianzia mahali sahihi.

Mimi niliwahi kuifunga simu yangu kwenye 1,800, mara tatu mfululizo. Wiki ileile nikaketi na mzee mmoja ambaye hajawahi kuwa na namba yoyote. Malkia wake hakutoka nyumbani hadi nilipokuwa nimekwisha.