Waya wa Shaba Una Kosa Gani?

Mzee mmoja jirani yetu hapa Shanty Town, Moshi, bado ana simu ya mezani. Iko sebuleni juu ya kimeza chenye kitambaa cha kufuma, na ikiita nyumba nzima hushtuka, maana siku hizi haiiti mara kwa mara. Miaka kadhaa nyuma waya huohuo ulimletea intaneti, na tangu hapo ana swali ambalo hajapata mtu wa kumjibu akaridhika: "Sauti naipata safi kabisa. Mwanangu yuko Mwanza, utadhani yuko jikoni. Sasa kama waya ni mzima, intaneti inasuasua nini?"

Vijana wake humjibu kwa kifupi: waya umezeeka, shaba imepitwa na wakati, vuta faiba, ule uzi wa kioo unaobeba mwanga. Mimi naona swali la mzee lina akili kuliko jibu hilo. Kama tatizo ni uzee tu, mbona sauti haikuzeeka?

Fikiria uko Uru usiku na kuna harusi kule Rau. Kinachokufikia ni dundo la besi. Filimbi, kayamba na utani wa mshereheshaji vimeishia njiani. Sauti nene husafiri mbali, nyembamba hufa mapema. Waya wa shaba nao una tabia hiyo. Mazungumzo ya simu yanahitaji masafa ya chini tu, kuanzia mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde, na hayo waya huyabeba kilomita nyingi bila malalamiko. Intaneti ya waya wa simu inapita juu ya hapo. Aina yake ya zamani, ADSL, hupanda hadi mitetemo milioni 1.1 kwa sekunde, mdogo wake ADSL2+ hadi milioni 2.2, na VDSL2, iliyo mpya zaidi, hufika milioni 17 au hata 30. Kadiri unavyopanda ndivyo kila mita ya waya inavyokula zaidi, mpaka mwisho wa njia kilichobaki hakitofautiani na kelele. Kwa hiyo mzee anasikia besi ya harusi, halafu anashangaa mbona hasikii filimbi.

Ndiyo maana umbali ndio hakimu wa kwanza. Kwa Moshi, waya za simu za zamani zinaanzia katikati ya mji, jirani na Posta pale mnara wa saa. Nyumba iliyo ndani ya kilomita moja ya waya inaweza kupata karibu kasi yote ya ADSL2+, yaani megabiti ishirini na kitu kwa sekunde kati ya 24 zinazotajwa kwenye makaratasi. Ukifika kilomita tatu unabaki na robo au theluthi ya hiyo. Kilomita tano, shukuru ukipata mbili. Na waya haupai kama ndege: unafuata barabara, unazunguka mtaa, unapanda nguzo na kushuka. Nyumba unayoiona kwa macho toka mjini inaweza kuwa mbali sana kwa hesabu ya waya.

Tuweke hesabu mezani. Faili la gigabaiti moja, kwa modemu ya zamani ya kupiga simu, ile ya kilobiti 56 iliyokuwa ikikwaruza kama paka aliyekanyagwa, lingechukua karibu saa arobaini. Kwa megabiti mbili ni zaidi ya saa moja. Kwa 24 ni dakika tano na nusu hivi. Kwa faiba ya megabiti mia ni sekunde themanini.

Sasa uzee unaingia wapi? Unaingia kwenye viungo. Kebo ya simu haikuvutwa ikiwa kipande kimoja; iliungwa kila baada ya mita mia kadhaa, chini ya ardhi na juu ya nguzo. Kila kiungo ni mlango wa unyevu, na sisi wa chini ya mlima tunaijua masika: kuanzia Machi hadi Mei hata sanduku la nguo linaota ukungu. Shaba ikianza kushika kutu kwenye kiungo, sauti hukwaruza kidogo na mtu huvumilia. Modemu haivumilii. Hushusha kasi yenyewe ili mawasiliano yasikatike, na ikizidiwa hukata, hujipanga upya, hukata tena. Kuna pia mikia ya waya iliyoachwa baada ya mteja kuhama, ambayo hurudisha mwangwi kwenye laini ya aliyebaki, na jozi za waya zilizolala pamoja ndani ya kebo moja huvujishiana mawimbi, kama majirani wa nyumba za kupanga zenye dari moja.

Lililonichekesha nilipojifunza mambo haya ni koili, yaani waya uliozungushwa kama springi. Katika nchi nyingi, laini zilizokuwa ndefu sana zilifungwa koili kila baada ya kilomita mbili hivi ili sauti ifike ikiwa safi. Zilifanya kazi hiyo vizuri mno. Ila koili hizo hukata masafa yote ya juu, ndipo intaneti inapopita. Kumbe uzuri wa sauti unaweza kuwa ndio ubaya wa intaneti, na fundi wa miaka ya 1960 aliyefunga koili hakukosea lolote.

Hata hivyo, vuta leo waya mpya kabisa wa shaba unaong'aa, kilomita tano, viungo vyake vyote vikavu. Bado utapata megabiti mbili, tatu ukibahatika. Uzee ni mkosaji wa pili. Wa kwanza ni urefu, na urefu hautibiki kwa kubadilisha waya wa zamani kwa mpya wa aina ileile.

Hapo ndipo watetezi wa shaba wanapopata hoja, na siyo hoja ya kubeza. Wanasema: kama ugonjwa ni urefu, fupisha. Leta faiba hadi kwenye kabati la mtaani linalogawa waya za simu, kisha mita mia tatu au mia tano za mwisho acha shaba ifanye kazi, maana tayari ipo. Uingereza walifanya hivyo kwa upana, na nyumba zilizo karibu na kabati zikapata hadi megabiti 80 bila mtu kuchimbiwa ua. Nafuu, haraka, na maua ya mama hayaguswi.

Australia wanatoa funzo la upande wa pili. Mpango wao wa taifa ulianza kwa nia ya kufikisha faiba kwenye nyumba nyingi. Serikali ilipobadilika mwaka 2013 wakageukia mchanganyiko, faiba ikaishia mtaani na shaba ya zamani ikamalizia, kwa hoja ya kuokoa fedha na muda. Mwaka 2020 ukatangazwa mpango wa kupeleka faiba hadi nyumbani katika maeneo mengi yaliyokuwa yameachiwa shaba. Mtu anaweza kusema walilipa mara mbili. Mwingine atasema kwa miaka ile ya kati watu walipata huduma ambayo vinginevyo wangeisubiri. Wote wawili wana ukweli, ingawa mimi naegemea kwa wa kwanza, kwa sababu nguvukazi ya kuchimba mtaro haipungui bei kwa kungojewa.

Lakini tusiazime ugonjwa wa watu. Mjadala wa "tubaki na shaba au tuing'oe" una maana pale ambapo karibu kila nyumba ina waya. Moshi je? Tangu enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyovunjika 1977, mpaka zama za Shirika la Posta na Simu, laini ya mezani ilikuwa kitu cha ofisi, hospitali, misheni, wafanyabiashara na nyumba za wakubwa. Watu walisubiri miaka. Kisha simu za mkononi zikaja, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 foleni ile ikavunjika yenyewe. Nenda Pasua, nenda Njoro, ukaulize waya wa simu uko wapi. Utaonyeshwa waya wa umeme wa TANESCO. Kwa nyumba nyingi hakuna shaba ya kufupisha wala ya kung'oa. Anayelalamikia waya mzee huko Kiboriloni analalamikia kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho.

Na kuna jambo jingine la kuitetea shaba ambalo vijana hulisahau. Wachagga tunajua mfongo, mfereji wa kuleta maji kutoka mlimani hadi kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani. Maji yakiwa haba kule juu kwenye banio, yanapochepushwa kutoka mtoni, hata ukijengea mfereji kwa saruji hadi kwenye kihamba chako, hutapata kitu. Kabla ya 2009 banio letu ndilo lililokuwa kavu. Intaneti ya nchi ilitegemea zaidi setilaiti, mawimbi yanapanda kilomita karibu 36,000 na kushuka tena, kwa gharama ya kutisha. Wakati ule shaba haikuwa kizuizi hata kidogo. Ilikuwa na nafasi kuliko maji yaliyokuwepo. Julai 2009 kebo ya baharini ya SEACOM ikafika Dar es Salaam, EASSy ikafuata mwaka uliofuata, na Mkongo wa Taifa, mtandao wa faiba wa nchi nzima, ukaanza kutawanya uwezo huo mikoani. Banio likajaa. Hapo ndipo mfereji wa mwisho, ule wa kuingia kihambani, ulipoanza kuonekana ulivyo mwembamba.

Wengi wataniuliza mbona nahangaika na waya wakati minara iko kila kilima. Kwa matumizi ya mtu mmoja na simu yake sina ubishi nao. Kwa nyumba ni habari nyingine. Mnara ni sahani moja inayoliwa na mtaa mzima: saa nne asubuhi unashiba, saa mbili usiku watu wote wakiwa nyumbani unalamba vidole. Tena bando lina kipimo. Watoto wawili wakiwa na masomo ya video na baba ana taarifa ya habari mtandaoni, limekata kabla ya wiki. Zaidi ya hayo, mnara wenyewe ukitaka kuwa na kasi ya maana unahitaji faiba miguuni. Hata ukiukimbia waya, waya unakufuata kupitia mnara.

Upande wa kupakia, yaani kutuma mafaili kwenda mtandaoni, ndio unaoniumiza zaidi kwa mji huu. ADSL ilibuniwa kwa mtu anayepokea: inakupa kasi ya kushusha, lakini ya kupakia huwa karibu megabiti moja tu. Moshi ni mji wa kampuni ndogondogo za kupandisha watalii mlimani. Mgeni ameshuka toka kilele cha Uhuru, anataka picha na video zake zitumwe. Gigabaiti moja kwa megabiti moja ya kupakia ni saa mbili na dakika kumi na kitu. Mgeni atakuwa ameshafika uwanja wa ndege wa KIA.

Basi faiba. Ndiyo, mimi ni mtu wa faiba. Mwanga ndani ya uzi wa kioo hupoteza kwa kilomita moja sehemu ndogo mno ya kile ambacho shaba hupoteza, na mfumo wa kawaida wa kugawa faiba mitaani hufika kilomita 20, yaani kutoka mnara wa saa unaweza kutoka nje kabisa ya mji bila kuhofia urefu. Ila wanaoiuza kama malaika asiye na doa hawasemi kila kitu. Simu ya mzee ilikuwa inaishi kwa umeme wa betri za kituo, volti 48, unaokuja kwenye waya uleule. Umeme ulipokatika mtaa mzima, yeye bado alipiga simu. Faiba haileti umeme. TANESCO wakikata na huna betri, kisanduku chako ukutani kinazima taa zote. Shaba ikikatwa, fundi mwenye koleo na utepe anaunga kabla ya chai. Faiba ikikatwa na greda linalochimba barabara, inahitajika mashine ya kuyeyusha na kuunganisha nyuzi, na mtu anayeijua. Faida yake kubwa hapo ni kwamba kioo hakina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ingawa wezi wa shaba huikata kwanza ndipo wagundue wamekosea.

Tena si kila kasi mbovu ni ya waya. Nimeona faiba ya bei nzuri imeishia kwenye ruta iliyofungiwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya sufuria, na wenye nyumba wanalaani kampuni. Na anayeuziwa "ishirini" asisahau kuwa ni megabiti, nane kati ya hizo ndizo hufanya megabaiti moja. Faili lake litashuka kwa megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, na hajaibiwa.

Kwa mzee wetu nilimwambia hivi: simu aiache, ni nzuri na inampatia mwanae. Ila akija mtu mlangoni kumuuzia intaneti, awe wa waya au wa mnara, asimuulize kwanza bei wala kasi. Amuulize: faiba yenu inaishia wapi, na kutoka hapo hadi kwenye ukuta wangu ni mita ngapi, za nini? Aliniomba nimwandikie kwenye karatasi. Ameibandika juu ya simu.